Fundi Asiyekuona: Kushonesha Nguo kwa Simu Ukiwa Lamu

Kanzu ilifika Jumatano, harusi ilikuwa Ijumaa. Ilivuka kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, ndani ya mfuko mweusi, imelazwa juu ya magunia ya viazi, na mpwa wangu akaenda kuipokea gatini mwenyewe, kwa ile haraka ya bwana harusi. Kitambaa kizuri. Darizi ya shingoni safi, uzi haujaruka hata mmoja. Alipoivaa ikamshika kifuani kama soksi, na kila akiinua mikono pindo likipanda hadi katikati ya muundi. Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa barazani akituangalia tangu siku ya kwanza tulipomtumia fundi vipimo, alisema neno moja tu: "Nguo yataka mato, haitaki simu." Kwetu mato ni macho.

Nimelifikiria sana neno lile, kwa sababu sisi tulikuwa tumetuma kila namba aliyoiomba fundi, na fundi alikuwa amezifuata zote. Tulimwambia kifua ni 42. Ni kweli, kifua cha mpwa wangu ni inchi 42. Fundi akashona kanzu yenye kifua cha inchi 42. Ukileta futikamba hutampata mwongo hapo, si sisi wala yeye. Kilichopotea kiko katikati: hakuna aliyeuliza ile 42 ni ya mwili au ni ya nguo.

Watu wengi wa hapa sasa wanashonesha kwa mbali. Wengine huagiza suti Nairobi kwa picha walizoziona mtandaoni, wengine abaya kutoka Mombasa, na wako wenye ndugu Uingereza au Ghuba ambao huagizia huko. Mafundi wa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, bado wapo na cherehani zao, lakini kijana anayeoa anataka koti aliloliona kwenye simu. Simlaumu. Ila kuna mambo ambayo fundi wa mtaani alikuwa akiyafanya kwa macho bila kuyataja, na ukiagiza kwa simu inabidi uyataje wewe.

Namba moja, maana tatu

Kipimo cha mwili ni futikamba kuzunguka mtu. Kipimo cha nguo ni futikamba kuzunguka nguo iliyokwisha kushonwa. Kati ya viwili hivi lazima iwepo nafasi, maana mtu hupumua, hukaa, huinama kuvaa viatu, na hunyoosha mkono kushika kamba ya mashua. Mafundi huiita nafasi hiyo kwa majina tofauti. Wengine husema "nafasi ya kupumua", wengine "uachie kidogo". Katika shati la kawaida la kiume, nafasi ya kifuani huwa kama inchi 4. Shati la kubana huweza kushuka hadi 3. Kanzu inataka zaidi, kwa sababu uzuri wa kanzu ni kuanguka. Mtu mwenye kifua cha 42 hukaa vizuri ndani ya kanzu ya 48 na hata zaidi. Suruali kiunoni huachiwa nusu inchi au inchi moja basi, kwani ikizidi itamshuka.

Kwa hiyo 42 yetu ilihitaji kuwa 48. Fundi alifikiri tumekwisha kuongeza, sisi tulifikiri ataongeza yeye.

Maana ya tatu ndiyo inayochanganya wengi zaidi. Fundi mwingine atakwambia: chukua kanzu yako inayokukaa vizuri, ilaze kitandani, pima kutoka kwapa hadi kwapa. Hapo utapata 24, na hiyo ni nusu, kwa sababu nguo iliyolazwa ina mbele na nyuma. Ukiiandika 24 mahali panapotaka mzunguko, fundi makini atakupigia simu kuuliza. Asiye makini ataichukulia kuwa ya mtoto. Na fundi wa ng'ambo anayetumia sentimita, ukimwandikia 42 bila kusema ni inchi, kwake hiyo ni chini ya nusu ya kifua cha mtu mzima. Inchi moja ni sentimita 2.54, basi 42 ni karibu 107. Andika kizio, yaani inchi au sentimita, mbele ya kila namba, hata kama umeona fomu imekwisha kuandika juu.

Njia ya kulaza nguo nzuri na kuipima ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ningewashauri wanaoanza waishike hiyo. Mwili husogea, mtu huvuta tumbo ndani akipimwa (wanaume wote hufanya hivyo, tusidanganyane), lakini shati lililolazwa mkekani halina aibu wala majivuno. Lina ile nafasi ndani yake tayari. Sharti lake ni moja: nguo utakayoipima iwe ya aina ileile na kitambaa cha tabia ileile. Fulana inayovutika haiwezi kuwa kipimo cha shati la pamba lisilovutika.

Ukiamua kupima mwili, basi usimsaidie fundi. Katika nyumba yetu anayepima huongeza inchi moja "asije akabanwa", anayeandika huongeza nyingine, na fundi akifika kwake huongeza 4 zake. Mtu anaishia ndani ya turubali. Pima mwili jinsi ulivyo, kamba imelala juu ya nguo nyepesi bila kubana wala kulegea, kisha andika wazi: "Hivi ni vipimo vya mwili, nafasi ongeza wewe." Sentensi hiyo moja ingetuokoa.

Futikamba yenyewe na mahali inapoanzia

Futikamba za kitambaa na za plastiki hurefuka kwa umri, hasa zile zinazoning'inia msumarini karibu na dirisha la jua. Ikirefuka, kila unachokipima kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Njia ya haraka ya kuijaribu ni karatasi ya A4, ambayo ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa sentimita 21. Futikamba yako ikisoma tofauti, itupe au wape watoto wachezee.

Pima kuanzia mfupani. Nyama hubadilika, mfupa haubadiliki. Inamisha kichwa, utaupata mfupa unaochomoza nyuma ya shingo. Hapo ndipo mahali pa kuanzia mgongo. Ncha ya bega, mfupa wa kifundo cha mkono, kifundo cha mguu: hizo ndizo alama ambazo fundi aliye Nairobi na mpimaji aliye Mkomani hapa Lamu wanaweza kukubaliana bila kuonana. Mtu akikwambia "urefu wa mkono ni 24" muulize kutoka wapi. Katika shati la kawaida la siku hizi, mkono huanza kwenye mshono wa bega. Lakini kanzu nyingi mshono huo umeshuka chini ya bega, kwa hiyo ukipima kutoka ncha ya bega unapima kitu ambacho nguo haina. Kwa kanzu ni salama zaidi kupima kutoka mfupa wa shingo, kupita begani, hadi mfupa wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umekunjwa kidogo.

Na hutaweza kujipima mwenyewe. Ukiinama kusoma namba, kifua kimekwisha kubadilika na mgongo umerefuka. Tafuta mtu. Hapa kuna jambo ambalo wanawake wa Lamu waliliona mapema kuliko sisi: kushonesha kwa simu kumewaondolea lile tatizo la kupimwa na fundi mwanamume. Binti hupimwa nyumbani na dada yake, milango imefungwa, kwa utulivu, mara mbili au tatu hadi namba zikubaliane. Namba zao huwa nzuri kuliko zetu. Mwanamke hahitaji kipimo cha kifua kimoja tu pia: juu ya matiti, kwenye matiti na chini yake, na umbali kutoka bega hadi ncha ya titi, kwani huo ndio unaomwonyesha fundi mahali pa kuweka mikunjo ya kubana. Bila huo gauni hukaa vizuri kwenye hanga na vibaya mwilini. Abaya ipimwe urefu na viatu vitakavyovaliwa siku yenyewe. Kisigino cha inchi 3 ni inchi 3 za kitambaa.

Kuna makosa unayoweza kuishi nayo na mengine huwezi. Fundi akikata kifua huigawa nguo vipande, mara nyingi vinne, kwa hiyo ukikosea inchi moja ya mzunguko kila kipande kimekosea robo inchi tu. Ukikosea inchi moja ya urefu umekosea inchi nzima, na kila mtu msikitini ataiona. Bega ndilo baya kuliko yote. Mkono ukiwa mrefu hukatwa, kiuno kikiwa kipana huingizwa ndani, lakini bega likiwa pana fundi lazima auvue mkono mzima, alikate upya na aurudishe, na mafundi wengi watakwambia afadhali washone nyingine. Basi kama una dakika kumi tu za kupima vizuri, tano zitumie kwenye mabega.

Kile ambacho namba haisemi

Fundi wa mtaani akikupima, macho yake yanafanya kazi nyingine kando ya mikono. Anaona bega la kulia limeshuka, pengine kwa miaka ya kubeba mizigo. Anaona mgongo umepinda kidogo. Anaona tumbo. Tumbo halizidishi mzunguko tu, hula urefu pia: kitambaa cha mbele kinapanda juu ya kilima kabla ya kushuka, na kwa hiyo kanzu ya mtu mwenye kitambi iliyokatwa sawa mbele na nyuma huonyesha vifundo vya miguu mbele na kufagia njia nyuma. Fundi hodari huongeza inchi moja au mbili mbele bila kukwambia, kwa adabu.

Fundi asiyekuona hawezi kuwa na adabu hiyo. Mtumie picha tatu, mbele, ubavu na nyuma, umesimama unavyosimama siku zote. Picha ya ubavu ndiyo yenye habari, na ndiyo ambayo watu hawataki kuituma.

Siku hizi zipo programu za simu zinazosema zitakupima zenyewe kwa picha mbili. Zinavyofanya kazi si uchawi. Picha haijui ukubwa wa kitu. Mtu aliye karibu na mtu aliye mbali huweza kuonekana sawa. Kwa hiyo programu hukuuliza urefu wako, kisha hutumia huo kama rula ya kukadiria kila kitu kingine. Ukiwa na sentimita 170 ukaandika 175, umekosea kama asilimia 3, na kosa hilo linaingia kila mahali: kwenye kifua cha inchi 42 ni zaidi ya inchi moja. Zinataka pia uvae nguo za kubana, maana haziwezi kuona mwili ndani ya kanzu au buibui. Hapo kila mtu apime mwenyewe kama yuko radhi picha hiyo ikae kwenye kompyuta ya watu asiowajua. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza data zako zinatumiwaje, lakini ni rahisi zaidi kutotuma kuliko kuuliza baadaye.

Jambo jingine ni majina. Kanzu ina viungo vyake: badani ni kile kipande cha mbele na cha nyuma, taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa upana kwenda chini, kikwapa ni kile kipande kidogo cha kwapani kinachoachia mkono uinuke, kaba ni kipande cha ndani ya shingo na mabega, sijafu ni kile kipindo cha ndani cha mkono na cha chini. Fundi mzee wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, ukimwambia "taharizi iwe pana" anajua. Fundi kijana aliyejifunza kushona suti huenda hajalisikia neno hilo maishani, naye atajibu "sawa", kwa sababu mafundi hujibu "sawa" kwa kila kitu. Mtumie picha ya kanzu na uchore mshale. Nilipouliza baadaye, kanzu ya mpwa wangu haikuwa na kikwapa kabisa. Ndiyo maana alipoinua mikono kanzu nzima ilipanda naye.

Kitambaa hurudi

Pamba ikifuliwa hurudi, yaani hupungua. Pamba ambayo haikurudishwa kiwandani huweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya urefu wake mara ya kwanza ikifuliwa. Namba hiyo ni ndogo ukiisoma, lakini iweke kwenye kanzu ya inchi 58: asilimia 3 ni inchi 1 na robo tatu, asilimia 5 ni karibu inchi 3. Hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa sababu nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, huvutwa kwa nguvu kitambaa kinapofumwa na kumaliziwa, na maji huziachia zirudi zilikotoka. Polista hairudi kwa kiasi cha kuhangaisha, lakini jua la Lamu na unyevu wake huifanya igande mgongoni kabla hujafika Shela. Kitani hupumua vizuri, hukunjika ukikitazama tu, na hurudi kama pamba.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni: "Kitambaa umekiloweka kabla ya kukata?" Fundi wa zamani alikitia majini, akakianika kivulini, akakipiga pasi, ndipo chaki. Anayeshona nguo arobaini kabla ya Idi hana nafasi hiyo. Kama hakikulowekwa, mwambie aongeze urefu, au akate kitambaa kingine.

Kuhusu rangi, simu haziaminiki. Kioo cha simu yako na cha fundi havionyeshi nyeupe moja, na kati ya nyeupe ya theluji na nyeupe ya maziwa kuna ugomvi wa harusi nzima, hasa mabwana watano wakisimama mstari mmoja. Omba kipande cha mfano cha kitambaa, hata cha ukubwa wa kiganja. Kama fundi yuko Nairobi kitafika kwa basi pamoja na vifurushi vingine. Ukikishika utajua pia uzito wake, jambo ambalo picha haitakwambia kamwe. Kitambaa cha shati huwa kati ya gramu 100 na 150 kwa mita ya mraba; ukiona fundi anakupa cha 250 kwa ajili ya kanzu ya hapa, anafikiria baridi ya Limuru.

Pesa, na kwa nini nguo hairudishwi

Fundi ataomba arubuni, mara nyingi nusu. Watu hulalamika, lakini mtazame na yeye. Kitambaa kikishakatwa kwa mabega yako hakimfai mtu mwingine. Shati la dukani lisipochukuliwa na wewe litachukuliwa na mwingine kesho. Lako litakaa kwake mpaka panya walijue. Hata sheria za nchi nyingine zinalikubali hilo. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kubadilisha nia, lakini agizo la 2011 lililoweka haki hiyo linaziondoa bidhaa zilizotengenezwa kwa maelezo ya mnunuzi mwenyewe. Uingereza iliweka kanuni kama hiyo 2013. Basi ndugu aliye London akikwambia "ikikosea nitairudisha", mkumbushe.

Kutoweza kubadilisha nia hakumaanishi kupokea chochote. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa mfano ilingane na mfano. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamtaka anayeuza mtandaoni akueleze masharti kabla hujakubali. Zote zinarudi kwenye swali moja: mlikubaliana nini? Kama makubaliano yenu ni sauti saba za WhatsApp na picha ya mchezaji mpira, hata hakimu mwenye huruma atapata taabu. Andika ujumbe mmoja ulio kamili, wenye vipimo, kizio, kusema ni vya mwili au vya nguo, kitambaa, rangi, mtindo wa shingo, siku ya kufika na bei, umwombe ajibu "nimekubali". Ujumbe huo ndio mkataba.

Na usitume salio kwa kuona picha ya nguo ikining'inia. Hanga haina tumbo. Omba picha ya nguo imelazwa mezani na futikamba imelala juu yake: kifua kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu mzima. Picha tatu. Fundi mwaminifu atakutumia kwa dakika tano, na mkikuta kosa, nguo bado iko mezani kwake, cherehani iko pale pale. Watu huzoea kufikiri M-Pesa inaweza kurudishwa kwa kutuma ujumbe 456. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba. Aliyelipa kwa hiari yake kisha akachukia mshono hana lake hapo.

Ukiagizia ng'ambo, bei uliyoiona siyo ya mwisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoweka ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja Julai 2022, nguo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopandishwa hadi asilimia 35, na hesabu hufanywa juu ya thamani pamoja na nauli na bima. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 16, inayotozwa juu ya thamani na ushuru kwa pamoja. Suti iliyofika kwa jumla ya shilingi 10,000 huongezewa 3,500 za ushuru, kisha VAT ya 2,160 juu ya 13,500. Umeshafika 15,660 kabla ya ada ndogondogo, nawe bado hujamlipa mchukuzi.

Na hapo ndipo Lamu inapokuwa Lamu. Anwani ya hapa haina namba ya nyumba. Sanduku la posta na 80500 hufikisha barua, lakini kifurushi cha basi hushuka Mokowe, kinavuka kwa mashua, na anayekipokea hukujua kwa jina la baba yako. Andika mtaa, msikiti wa karibu na namba ya simu ya mtu ambaye simu yake haizimwi. Hesabu siku zako kwa kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli, ukiacha angalau wiki mbili za kurekebisha. Mfungo Sita, maulidi yakikaribia, kila fundi amejaa, na mvua kubwa zikinyesha barabara yenyewe huweza kukatika. Zilipokuja za mwisho wa 2023, njia ya Garsen ilikuwa maji.

Ukiweza kumwambia fundi jambo moja tu la ziada, mwambie akuachie akiba ya mshono: nusu inchi iliyozidi ndani ya kila mshono wa ubavu, na inchi 2 ndani ya pindo. Haionekani, haiongezi gharama ya kutajika, na inamwezesha fundi yeyote wa mtaani kukufungulia nguo. Usiku ule wa Jumatano tuliipeleka kanzu kwa mzee mmoja wa Langoni. Aliigeuza ndani nje, akavuta mshono wa ubavu kwa kucha, akacheka. Kitambaa kilikuwa kimekatwa ukingoni kabisa, hapakuwa na hata uzi wa kufungua. "Hiyi imeshonwa na mtu asiyetaka kuiona tena," alisema.

Mpwa wangu aliolea kanzu ya kaka yangu, ya mwaka wa nyuma, iliyomkaa vizuri kuliko tulivyotarajia. Ndiyo tuliyoilaza mkekani wiki iliyofuata tukaipima na kuandika namba zake nyuma ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe. Ile mpya amepewa mdogo wake, mwenye miaka kumi na minne. Tumeifua mara mbili sasa, nayo inaendelea kurudi. Naye anaendelea kukua, na sijui nani atamshinda mwenzake kabla ya Idi.